Dawa ya damu: kidonge au ile ya kuyeyuka ulimini?

SWALI: Mama alipata kiharusi, sasa anatumia rivaroxaban, dawa ya kuzuia damu isigande, ya miligramu 20 kila siku ila kidonge kinamkwama kooni, anakohoa hadi tunaogopa. Daktari ametaja filamu, kile kijikaratasi cha kuweka juu ya ulimi. Je si inaingia kwenye damu papo hapo ikawa kali zaidi? Na ataacha kula kwanza ndo anywe?

JIBU: Mpe mama pole. Hilo la "papo hapo" linawachanganya wengi, kwa sababu ikishayeyuka mdomoni mtu anadhani kazi imeisha, kumbe imeyeyuka tu na mate, mama anameza yale mate na dawa inaenda kufyonzwa kule kule tumboni, sehemu ya juu ya utumbo, kama ya kidonge tu. Kwa hiyo sio kali zaidi, miligramu 20 ni 20, msipunguze wenyewe. Aina mpya ya dawa ileile huwa inapimwa kwenye damu za watu, na kwa kawaida hesabu za kiasi cha dawa kwenye damu zikilinganishwa na za kidonge lazima zikae kati ya asilimia 80 na 125.

Chakula kipo palepale! Rivaroxaban ya 15 na ya 20 inaenda pamoja na mlo, bila mlo haifyonzwi yote, na hapo damu inaweza kuganda huku nyie mnajua amekunywa. Ya 10 ndo haina hiyo shida.

Siku ya kubadilisha asitumie zote mbili, filamu inakaa kwenye saa ya kidonge basi. Filamu muishike kwa mikono mikavu, na msiifungue mapema maana unyevu unaiharibu.

Ila kinachonisumbua mimi ni hicho kikohozi. Kama anapaliwa hata na maji, basi na mate yanaweza kumpalia, filamu haitibu hilo, mwambieni daktari ampime jinsi anavyomeza kabla ya kubadili chochote. Filamu isipopatikana, kidonge cha rivaroxaban kinaweza kusagwa kikachanganywa na maji au tofaa lililopondwa, anywe hapo hapo halafu ale. Msifanye hivyo kwa dabigatran, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kapsuli yake haifunguliwi kabisa, ukiifungua dawa inaingia nyingi mno mwilini na mtu anaweza kuvuja damu.

Kwa anayemeza vizuri wala sioni sababu ya kuhama kidonge.