Kabla Hujaipa Riwaya Nyota Moja

Katika vitabu vyote ninavyojadili na wasomaji wenzangu, hakuna vinavyogombanisha watu kama riwaya za kisaikolojia zenye giza: ile ya mume ambaye mkewe hamjui ni nani hasa, ya mama anayemwogopa mwanawe, ya mtu anayesimulia uovu wake kwa sauti tulivu kana kwamba anamsimulia mwingine. Riwaya ya mapenzi ikimchosha mtu, ataiacha na kuisahau. Hii ikimkera, atatafuta wa kumlalamikia usiku huohuo.

Ndiyo maana nikitaka kujua kama riwaya ya aina hii inanifaa, sianzi na sifa. Sifa zote zinafanana. Sikulala, sikukiachia, mwisho sikuutegemea: badilisha jina la kitabu, maneno yanabaki yaleyale. Mwenye hasira ndiye anayetoa habari. Akisema kuwa kitabu kizima mwanamke anateswa kwa maneno na mtesaji haadhibiwi, amenieleza kila ninachohitaji, ingawa alikusudia kunifukuza. Pengine nitakikwepa, pengine nitakitafuta kesho yake. Nyota alizotoa hazinihusu. Ninazozitaka ni sababu zake.

Sababu hizo nazo zina uzito tofauti, na nyingi zinatokana na matarajio. Wengi wetu tuliingia katika riwaya za uhalifu kupitia mlango wa upelelezi. Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, alitupa mtu mwenye akili ya kufumbua fumbo, na kitabu kikifungwa tunajua nani alifanya nini na kwa nini. Sasa chukua msomaji aliyelelewa hivyo umpe Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974. Si riwaya ya taharuki, lakini giza lake ni lilelile ninalolizungumzia hapa: Kazimoto anatuingiza ndani ya kichwa chake, na hakuna mpelelezi atakayekuja kututoa. Msomaji yule akisema kitabu "hakina majibu", hajakosea. Amesema ukweli kuhusu kitabu ambacho hakikuahidi majibu. Kwa hiyo nikikutana na lalamiko la "mwisho unaning'inia", swali langu la kwanza ni hili: mlalamikaji alidhani anasoma nini? Jalada lenye kisu na damu huuza upelelezi hata pale ndani yake kuna kitu kingine kabisa, na hapo lawama ni ya aliyechora jalada.

Lalamiko jingine la kila mara ni kwamba hakuna mhusika hata mmoja wa kupendeka. Hili silipi uzito sana. Raskolnikov wa mwandishi Mrusi Dostoevsky, katika riwaya ya Crime and Punishment ya mwaka 1866, anamuua bikizee kwa shoka mapema kitabuni, na bado tunakaa naye hadi mwisho, tukitokwa jasho pamoja naye kila mpelelezi anapomkaribia. Hatumpendi, lakini tunamjali. Msomaji akiniambia kwamba mhusika alimchukiza, naendelea na mpango wangu wa kusoma. Akiniambia kwamba kufikia katikati hakujali tena nani anaishi na nani anakufa, hapo naweka kitabu kando. Chuki bado ni uhusiano, ila kutojali hakuponyeki hata kwa kurasa mia za damu.

Kisha wapo wanaosema mwandishi amewadanganya. Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu lalamiko hili linaweza kupimwa. Mwaka 1926 Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, alitoa riwaya ambayo baadhi ya wasomaji walidai wamechezewa rafu na msimulizi (jina la riwaya silitaji, kulitaja tu hapa ni kumwaga mtama). Miaka mingi baadaye, mwaka 1961, mhakiki Wayne Booth wa Marekani akaupa mtindo huo jina linalotumika hadi leo: msimulizi asiyeaminika, yaani anayeficha au kupotosha anachotusimulia. Kupewa jina hakumaanishi kila mwandishi anaufanya kwa haki. Kipimo changu ni kurudi kwenye sura mbili tatu za mwanzo baada ya kibao kugeuka. Kama sentensi zilezile sasa zinasomeka kwa maana ya pili, kama kile alichoruka msimulizi kina pengo ambalo ningeweza kuliona, basi nimeshindwa kihalali na ninavua kofia. Kama nikirudi nakuta mwandishi alisema jambo moja waziwazi kisha akalikana mwishoni bila kuacha alama yoyote, basi lalamika, na ulalamike kwa sauti. Wengi hawarudi, wanahukumu kwa kumbukumbu. Na kumbukumbu ya kitabu kilichosomwa mbiombio saa nane za usiku si shahidi wa kutegemewa.

Na yule anayejigamba kwamba alijua mwisho tangu sura ya nne? Mwache. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waliodokezwa mapema mwisho wa hadithi fupi walizifurahia hata kuliko wasiodokezwa. Tafiti nyingine zilizofuata zilipata matokeo kinyume, na hadithi fupi si riwaya nzima, kwa hiyo sichukui hilo kama ruhusa ya kuwaharibia watu utamu. Ila linanikumbusha kwamba kubahatisha mwisho si sawa na kitabu kuwa kibaya. Riwaya nzuri ya giza husomeka hata ukijua muuaji, maana hofu yake haiko kwenye jina.

Lalamiko moja sibishani nalo kamwe: "Kimeniumiza." Kuogopa na kuumia ni mambo mawili. Hofu ya kitabuni ina utamu wake. Moyo unaenda mbio huku ukijua uko salama. Kuumia ni pale ukurasa unapogusa kitu ulichokipitia kweli, kipigo, kifo cha mtoto, mtu uliyemwamini, na ukifunga kitabu kitu hicho hakifungiki. Msomaji wa namna hii haambiwi "ni hadithi tu". Anajua kuwa ni hadithi.

Kama ni wewe, acha kusoma. Hakuna mtihani unaokungoja. Unaweza kuruka sura nzima, unaweza kumwomba aliyemaliza akusimulie mwisho kwa sentensi mbili, unaweza kukisoma mchana tu na kukiweka chumba kingine usiku. Na kabla ya kuanza kitabu kipya, usiulize kama "kinatisha", maana kila mtu atakujibu kwa kipimo cha ujasiri wake. Uliza jambo lenyewe. Kuna mtoto anayeumizwa? Kuna ubakaji, na unaonyeshwa au unatajwa tu? Kuna mtu anayejiua? Rafiki mwema atakujibu ndiyo au hapana bila kukuharibia kitu. Wapo wanaobeza onyo la maudhui mwanzoni mwa kitabu kuwa ni kudekezana. Mimi naliona kama huduma ya bure, asiyelihitaji anafunua ukurasa na kuendelea.

Ukifika wakati wa kuandika maoni yako mwenyewe, lala kwanza. Asubuhi andika ni wapi hasa hasira ilipoanzia, tukio gani, na ulikuwa unatarajia nini mahali pake. Hilo peke yake litamsaidia msomaji mwingine kuliko aya nzima ya matusi. Na umwache mwandishi nje ya jinai za mhusika wake. Mwandishi Mmarekani Bret Easton Ellis alipata vitisho vya kuuawa kwa sababu ya American Psycho, riwaya iliyotoka mwaka 1991 baada ya mchapishaji wa kwanza kujitoa, kana kwamba kumsimulia muuaji kwa nafsi ya kwanza ni kukiri mauaji. Mtu anaweza kukiona kitabu hicho kichafu na akasema hivyo kwa hoja. Wapo wengi waliofanya hivyo. Kumtishia aliyekiandika si uhakiki.

Mbele ya wasiosoma bado, mimi hutaja mambo matatu tu: nani anasimulia, giza lake ni la aina gani, na mwendo ni wa haraka au wa pole. Hata kusema kuna kibao kinachogeuka mwishoni ni kusema mengi mno, kwa sababu msomaji ataanza kukitafuta tangu ukurasa wa kwanza badala ya kusoma. Mtu akiniuliza hilo moja kwa moja, nambadilishia mazungumzo.