Machungwa ya moto baada ya pilau

Dada, umeuliza umpe nini mama mkwe jioni ya baridi Lushoto, kitu kitamu cha moto lakini kisichomlemea baada ya pilau. Achana na keki. Mpe machungwa.

Chukua 5, ya Muheza yakipatikana. Usiogope ganda la kijani: joto la usiku huko chini haliachi ganda ligeuke rangi, ndani yameiva. Moja likamue. Manne yamenye kwa kisu kikali mpaka ule utando mweupe utoke wote, maana uchungu unakaa humo, kisha yakate visahani na utoe kokwa.

Weka sukari vijiko 3 vya chakula kwenye sufuria kavu, moto mdogo. Usikoroge, tikisa tu. Ikishakuwa rangi ya asali, mimina ile juisi ukiwa umesogea nyuma kidogo, kwa sababu itaruka. Sukari itaganda kama jiwe. Usiitupe, mimi mara ya kwanza niliitupa! Iache dakika 2 au 3 itayeyuka yenyewe. Tia iliki 3 zilizopondwa, kijiti cha mdalasini na chumvi chembe tu.

Sasa epua ndipo uweke machungwa. Yakichemka yanasambaratika na kuwa machungu. Funika dakika 5, kamulia ndimu kidogo, pakua yangali ya moto.

Machenza nayo yanafaa, ila punguza sukari. Balungi sikushauri, hasa kama mama anatumia dawa za presha, kwani baadhi yake hazipatani nalo.