Mstari Niliouruka Katika Baba Yetu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Imani ya Kikristo inakukingaje na uchungu wa moyo wakati wa shida?" Mimi sikukingwa. Kinyongo kilishaingia kikakaa kabla sijakumbuka kwamba nina imani. Kwa hiyo nitajibu la kwangu: mwenye kinyongo tayari, asali vipi?

Wa Bukoba mnaikumbuka Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri. Nilikuwa uani namenya ndizi. Tetemeko lenyewe sikulinunia. Ardhi haimjui mtu. Ukuta wa chumbani ulilala chini, jiko likafuata, tukamshukuru Mungu kwa uzima, tukahamia chini ya turubai. Kilichonichoma kilikuja baadaye, siku yaliposomwa majina ya wa kupewa mabati mtaani kwetu. Langu halikuwamo. Na aliyeandikisha alifika kwangu kwa miguu yake, akauona ukuta, akanipa pole, akaandika. Aliandika nini, sijui hadi leo.

Oktoba ikaingia, mwezi wa Rozari. Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, na bwana huyo ni wa jumuiya yetu. Tena ndiye anayeongoza matendo, yale mafungu matano ya rozari. Rozari moja ina Baba Yetu sita. Mara sita kila jioni, mkeka mmoja naye, natakiwa kusema "utusamehe makosa yetu kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea". Nikifika hapo nanyamaza, nawaacha wenzangu wavuke, nawadakia kwenye "kishawishi". Hesabu yangu ilikuwa hii: nikilisema, najiombea nisisamehewe. Bora kunyamaza kuliko kujilaani.

Mama mkwe wangu ndiye aliyegundua. Yeye kwenye rozari husinzia, jumuiya nzima inajua, ila siku hiyo hakusinzia. Tukiwa njiani kurudi, mvua inanyunya, akaniuliza: "Mwanangu, lile la kusamehe unalimeza?" Nikamjibu, ndiyo mama, linanikwama. Nikajiandaa kwa mahubiri. Akasema: "Haya. La kwako nitalisema mimi. Wewe nisalie zile Salamu Maria zinazonipita usingizini." Tukaenda hivyo mwezi mzima. Nilikuwa namsikia akilisema mara mbili, la pili kwa sauti kubwa kidogo, watu wakidhani ni uzee.

Zamu ya mwisho ilikuwa kwa yule bwana. Nilikwenda kwa ajili ya mama tu. Mke wake akapitisha kahawa za kutafuna, na wa kwetu mnajua kwamba kuzikataa ni kumkataa aliyekukaribisha. Nilizipokea, nikazifunga kwenye ncha ya khanga.

Nilipoanza barua hii nilitaka kuandika kwamba imani haikingi kitu. Nimechoka na wanaotusomea Waebrania 12:15, lile shina la uchungu lisije likachipuka, kana kwamba ni karipio kwa aliyeumizwa. Mbona Naomi wa kitabu cha Ruthu, aliyefiwa na mume na wanawe, hawamsomi? "Msiniite Naomi, niiteni Mara," yaani mwenye uchungu, aliwaambia wanawake wa Bethlehemu, wala Maandiko hayasemi kuna aliyemkemea. Lakini hapo hapo nayumba, maana Naomi aliyasema hayo akiwa amerudi kwao, mbele ya watu wake, hakujifungia. Huenda kinga ndiyo hiyo, na mimi niliipata bila kuitaka: kwamba kila jioni palikuwa na mkeka wa kukalia. Ningebaki chini ya turubai peke yangu na ile orodha kichwani, sidhani kama leo ningekuwa nawaandikia.

Msinielewe vibaya, simshauri kila mtu. Mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe akasali mkeka mmoja na mpigaji. Wala sijasema nimesamehe. Nyumba tumeijenga wenyewe, kwa hela ya kahawa ya misimu mitatu, na kila nikitazama bati zile najua bei ya kila moja.

Mama tumeshamzika. Hakuna tena wa kunisemea, kwa hiyo mstari ule nausema mwenyewe, haraka haraka, na bwana yule bado ndiye anayeongoza.