Swali: Kamusi gani inanifaa kusoma vitabu vya Ming vinavyoitaja Malindi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea uzamili wa historia hapa Mombasa, na tasnifu yangu inahusu Malindi na China enzi za nasaba ya Ming. Kichina nimefika HSK 4, yaani ngazi ya nne ya mtihani wa Kichina kwa wageni. Niliingia kwenye maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya kale, nikaandika jina la Malindi kwa herufi za Kichina, nikapata vifungu vichache tu. Nimevitafsiri kwa programu ya akili mnemba na vimeeleweka vizuri. Pia ninao ule mchoro wa twiga aliyetoka Malindi. Msimamizi wangu anasema vyanzo bado ni hafifu. Je, kuna kamusi au tovuti bora kuliko hii niliyotumia?

JIBU: Marahaba. Tuanze na mchoro, kwa sababu huo naletewa kila mwaka, na kila mwaka kwa maelezo yaleyale.

Twiga wa mchoro ule, kwa mujibu wa mchoro wenyewe, ni wa Bengali. Juu ya picha kuna maandishi marefu ya Shen Du, mwanazuoni wa kasri aliyesifika kwa mwandiko wake, ya kumsifu mnyama na mfalme aliyeletewa. Utangulizi wake unataja mwaka wa jiawu wa enzi ya Kaizari Yongle wa Ming, ambao ni 1414, mwezi wa tisa, na unaitaja nchi iliyomleta mnyama: Bangela, yaani Bengali. Wajumbe wa Malindi walifika na mnyama wao mwaka uliofuata, 1415. Wapo wanaosema hata huyo wa Bengali lazima alivushwa kwanza kutoka pwani yetu, maana Bengali hakuna twiga wa porini. Inawezekana kabisa, ila hayo ni makisio ya wasomi wa leo na yaandikwe hivyo. Picha nyingi zinazozunguka mtandaoni zimekatwa juu, hayo maandishi hayaonekani, na mtu anaweka jina analotaka. Nakala maarufu ziko kwenye makumbusho ya Taipei na Philadelphia. Tafuta picha kamili, uisome kuanzia juu.

Sasa hiyo maktaba yako. Kinachonikera ni imani kwamba ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, vinavyotokea ndivyo vyanzo vyote vilivyopo, na visivyotokea havipo. Katika Ming Shi, historia rasmi ya nasaba hiyo, Malindi imeandikwa kwa herufi mbili, Malin. Katika ramani ya safari za baharini iliyomo ndani ya Wubei zhi, kitabu cha mambo ya kijeshi cha 1621, imeandikwa kwa herufi tatu, Malindi. Ukitafuta kwa herufi tatu, kifungu kikuu cha Ming Shi kinakupita. Na ukiishia hapo ramani hutaifungua kamwe, nawe uko Mombasa, na Mombasa imo mlemle kwenye ramani, imeandikwa Manbasa.

Halafu kuna makosa ya mashine. Sehemu kubwa ya matini za bure zimesomwa na kompyuta kutoka kwenye picha za kurasa. Jina la Barawa ndani yake lina herufi 剌, inayosomwa la. Mashine huiona kama 刺, inayosomwa ci. Tofauti ni kamstari kamoja tu. Mji mzima unapotea kwenye utafutaji kwa ajili hiyo, na herufi hiyohiyo imo kwenye majina ya Malaka, Bengali na bandari nyingine chungu nzima za safari hizo. Maktaba nzuri, Chinese Text Project ikiwa mojawapo, hukuwekea picha ya ukurasa pembeni ya matini. Ifungue kila mara, hata kwa sentensi moja. Asiyeifungua anasoma maoni ya mashine.

Jambo jingine ni kujua kitabu ulichokishika ni cha lini. Ming Shi ilikamilika mwaka 1739, chini ya Waqing, nasaba iliyofuata Ming, zaidi ya miaka mia tatu baada ya twiga wako. Juzuu ya 326 ina kisa kitamu. Waziri wa Itifaki, Lü Zhen, anaomba ruhusa ya kuandika pongezi kwa ujio wa qilin, mnyama wa ngano wa heri ambaye twiga alifananishwa naye. Kaizari anakataa: pongezi za vitabu vya wahenga alizikubali kwa sababu vitabu hivyo vinasaidia utawala, lakini qilin awepo asiwepo, kuna faida gani au hasara gani? Kisha wajumbe wanapofika, anatoka mwenyewe hadi lango la Fengtian kuwapokea. Kisa hicho kila mtu anakinukuu. Wachache mno wanarudi nyuma hadi kwenye Shilu, kumbukumbu za kila siku za utawala, ambazo kwa enzi ya Yongle zilikusanywa mara baada yake, katika karne ileile. Hapo pana mtego. Watu wengi wamezoea kumwita kaizari huyo Chengzu, kwa sababu ndivyo Ming Shi inavyomwita. Lakini jina hilo alipewa mwaka 1538. Kumbukumbu zake zinaitwa Taizong Shilu. Ukitafuta "Chengzu Shilu" utaambiwa hakuna kitu, na utaamini.

Kwa waliosafiri na majahazi yale, Fei Xin ameandika juu ya Mogadishu, Barawa na Jubu katika kitabu chenye utangulizi wa 1436. Malindi hakuiandikia. Ma Huan, ambaye wengi humtaja kama shahidi wa Afrika, hakuandika sura hata moja juu ya Afrika. Upande wa magharibi anaishia Maka. Ukiona tanbihi inayosema "Ma Huan alipofika Malindi", funga kitabu hicho.

Kuhusu akili mnemba: tafsiri "zimeeleweka vizuri" kwa sababu imefundishwa kuandika vizuri. Matini za zamani hazikuwa na nukta wala mkato. Alama unazoziona zimewekwa na wahariri wa leo, na ukiihamisha alama moja, aliyetoa zawadi anageuka mpokeaji. Tumia Ming Shi ya wachapishaji Zhonghua Shuju, ya 1974, ambayo wahariri waliisahihisha kwa kulinganisha chapa. Na hiyo HSK 4, hongera, ila ni Kichina cha sokoni na darasani cha leo. Tafuta mtu akufundishe Kichina cha kale walau mwaka mmoja.

Kamusi umeziuliza, nazo hizi. Kabla ya kamusi, fungua Chinese History: A New Manual ya Endymion Wilkinson. Humo utaambiwa kila aina ya chanzo ni nini, kilikusanywaje na kina ugonjwa gani. Kwa maneno, Hanyu Da Cidian, juzuu kumi na mbili, kwa sababu inakupa mifano kutoka kwenye vitabu vyenyewe. Kwa vyeo vya serikali, kamusi ya Charles Hucker ya 1985. Kwa watu, Dictionary of Ming Biography ya 1976. Tarehe zibadilishe kwa kikokotoo cha kalenda cha Academia Sinica cha Taiwan. Usiseme tu "Yongle 13 ni 1415", kwa kuwa mwezi wa kumi na mbili wa Kichina kwa kawaida huangukia Januari au Februari ya mwaka unaofuata. Na ukitaka kurudi nyuma ya Ming, Zhufan zhi ya Zhao Rugua ya 1225 ina nchi ya Cengba, ambayo wengi huihusisha na Uzanji, yenye watu wanaojifunga vitambaa vya buluu na kuvaa viatu vya ngozi nyekundu, nchi ya pembe za ndovu na ambari. Kitabu chenyewe kilipotea, kikaokolewa karne ya 18 kutoka ndani ya ensaiklopidia ya Yongle. Tafsiri ya Hirth na Rockhill ya 1911 imezeeka lakini maelezo yake ya chini bado yana faida.

Sasa niseme na wengine pia. Kuna biashara imezuka ya kulinganisha majina kwa sikio. Du Huan, mateka wa vita vya Talas vya 751, anataja nchi ya Molin. Kuna aliyesikia Malindi humo, na tangu hapo Malindi imepewa Wachina wa karne ya nane. Wenzake wamesikia Aksum, wengine Meroe, wengine Maghreb. Sauti za Beijing za leo si sauti za enzi ya Tang, nasaba ya wakati wa Du Huan, na mfanano wa jina peke yake haujengi historia. Alikuwepo hata aliyeuza vitabu duniani kote tangu 2002 akidai meli za Zheng He, amiri wa misafara ya baharini ya Ming, zilifika Amerika mwaka 1421, bila ukurasa mmoja wa Kichina unaosema hivyo. Hapa kwetu, waongoza watalii wanamtembeza Zheng He ufukweni Malindi kama wanamfahamu. Ming Shi inaitaja Malin katika orodha ya nchi zaidi ya thelathini za safari zake. Haisemi yeye mwenyewe alishuka kila bandari, na msafara ule ulikuwa ukigawanyika. Masimulizi ya Pate na Siyu juu ya Wachina waliovunjikiwa na chombo yachukuliwe kama masimulizi ya mdomo, kwa mbinu zake. Usiyabandike juu ya Ming Shi ili yapate cheti.

Wabaya zaidi kwa sasa ni wale wanaowauzia wanafunzi sura nzima za tasnifu zenye tanbihi za Kichina. Nimepitia kazi yenye dondoo refu juu ya Mombasa, "Ming Shi, juzuu ya 326". Juzuu hiyo haina kifungu cha Mombasa. Dondoo lilitungwa na mashine, likapita mikono mitatu, na hakuna hata mmoja aliyefungua ukurasa. Wasimamizi, ombeni picha ya ukurasa kwa kila dondoo la Kichina. Asiyeweza kuitoa, mrudishieni sura yake.