Kutná Hora kwa siku moja: msiishie kwenye mifupa

Dada, umeuliza kama siku yenu moja ya ziada Prague mlipie ziara ya kuongozwa ya Kutná Hora (mji wa kale wa migodi ya madini ya fedha huko Ucheki) au mpande treni wenyewe, na kama mama yako mwenye matatizo ya magoti ataweza. Nimeenda mara mbili, kwanza kwa basi la watalii, kisha peke yangu.

Ya kwanza iliniuma. Tulipelekwa kwenye kanisa lililopambwa kwa mifupa ya watu kule Sedlec, pembeni mwa mji, tukapitishwa haraka Kanisa la Mtakatifu Barbara, tukala, tukageuza. Mgodini hatukushuka. Mimi ni mzaliwa wa Geita, baba yangu alizama kwenye maduara, yaani alishuka kuchimba kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, miaka mingi, na kilichonitoa Prague ni mgodi. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: tunashuka mgodini? Wakisema hapana, nendeni kwa treni. Kutoka stesheni kuu ya Prague ni kama saa moja tu.

Mgodi unaingilia kwenye makumbusho ya madini ya fedha, jengo linaloitwa Hrádek. Weka nafasi mapema. Jumatatu na miezi ya baridi hufungwa. Mnavishwa koti jeupe lenye kofia ya kitambaa, helmeti na taa. Mwongozaji alitueleza kuwa weupe ule ulimsaidia mchimbaji kuonekana gizani. Mnashuka ngazi nyingi, halafu njia inabana. Kuna mahali nilipita kiubavu, na pengine niliinama mpaka mgongo ukalalamika. Ukuta umejaa alama za patasi, pigo moja moja. Mwongozaji alituzimisha taa zote. Nikamkumbuka baba akisema kuwa kwenye duara unamjua mwenzako kwa pumzi yake. Na hapo tulikuwa juu juu tu: mgodi wao ulioitwa Osel, yaani Punda, ulifika karibu mita 500 kwenda chini, kwa nyundo, patasi na taa za mafuta ya mnyama. Wakati huo duniani migodi mirefu kama huo ilikuwa ya kuhesabika. Juu kuna mtambo mkubwa wa mbao uliozungushwa na farasi kupandisha mzigo. Simameni hapo kwa muda, maana wengi huupita.

Fedha ile ndiyo iliyomfanya Mfalme Václav wa Pili wa Bohemia (Ucheki ya leo), mwaka 1300, atoe sheria ya madini na kuanzisha sarafu moja ya ufalme, groshi ya Prague. Aliwaita mafundi kutoka Italia, ndiyo maana jumba walikopiga sarafu linaitwa Vlašský dvůr, Ua wa Waitaliano. Mwongozaji alipotuonyesha jinsi kipande cha fedha kilivyogongwa kwa nyundo kikawa sarafu, nililielewa upya neno letu: sisi madini yale na pesa tunaviita fedha vilevile.

Kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, lilianzwa 1388 kwa pesa za wenye mji waliotajirika kwa fedha, na likakamilika 1905 tu, maana vita vya Wahusi, wafuasi wa mhubiri Jan Hus, na kupungua kwa madini vilisimamisha ujenzi. Ndani tafuteni sanamu ya mchimbaji mwenye vazi jeupe, na picha za ukutani za wapiga sarafu wakiwa kazini. Nimeona makanisa mengi Ulaya yenye wafalme na maaskofu ukutani. Kumkuta mtu wa nyundo mle ndani kulinigusa sana.

Mifupa? Iangalieni, ipo jirani na stesheni kuu ya Kutná Hora. Inakadiriwa ni ya watu 40,000 hadi 70,000, wengi wa tauni na vita, na ilipangwa kama ilivyo sasa na mchonga mbao František Rint mwaka 1870. Picha zimepigwa marufuku, na ni sawa kabisa, wale ni marehemu. Nusu saa inatosha. Kuingia mjini ni kilomita kama 3, mpande treni ndogo hadi stesheni ya Kutná Hora město.

Kuhusu mama: mgodini asishuke, ngazi zitamwumiza. Ukizama wewe, yeye abaki Barbara, kanisa lipo hatua chache kutoka Hrádek na viti vipo. Mbebee sweta hata kama ni Julai, na lako pia, chini kule ni baridi kama nyuzi 12.