Ojwang' Hatari na Benson Wanjau

Wiki hii mmeuliza: "Je, tuwasahihishe mashabiki wanaosimulia yasiyo kweli kuhusu wachekeshaji wetu wa zamani?" Mimi nilitaka kujibu ndiyo, tena bila huruma. Uongo ukiachwa huota mizizi, na marehemu hana wa kumsemea. Lakini swali lenu limenikumbusha ami yangu, na sina budi kumsimulia.

Utotoni mwetu hapa Lamu, nyumba zenye televisheni zilikuwa za kuhesabu. Usiku wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho, ua wa jirani ulijaa: watoto mkekani, wazee vitini. Jenereta ikizimika, hakuna aliyeondoka. Tuliyemngoja ni Mzee Ojwang' Hatari, na Kiswahili chake cha lafudhi ya Kijaluo, akizozana na Mama Kayai, mkewe katika mchezo.

Ojwang' alifariki Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Kesho yake, baada ya tarawehe, tulikuwa barazani tukinywa kahawa, kijana mmoja akasoma habari kwenye simu: jina halisi la marehemu ni Benson Wanjau, tena ni Mkikuyu.

Ami akaweka kikombe chini. "Huyo ni mwingine. Ojwang' ni Mjaluo, nimemsikiliza tangu wewe hujazaliwa."

Kijana akampa simu aone picha. Ami akaisogeza mbali, akaileta karibu, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kikoi. "Sura ni yake," akakubali. "Jina wamekosea." Kisha akaguna kwa huzuni: "Na Mama Kayai, maskini, eda ataikalia wapi?"

"Ami, Mama Kayai ni Mary Khavere, mwigizaji mwenziwe. Hawakuwa mke na mume."

Hapo ndipo ami alipokasirika hasa. "Watu wazozane vile miaka yote, wasiwe mke na mume?" Akainuka akaenda zake, kahawa hakuimaliza.

Kwa habari yenyewe, kijana alisema kweli, na gazeti halina ruhusa ya kuandika vingine. Ila kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kuwa ami alikuwa akitoa ushahidi wa aina yake. Mkikuyu aliaminiwa na nchi nzima kuwa ni Mjaluo, na akapendwa hivyo, katika Kenya hii hii ambamo baada ya uchaguzi wa 2007 watu waliuawa kwa sababu ya majina yao. Ustadi huo nani atauthibitisha, kama si mzee aliyekataa kuusahau?

Kwa hiyo ndoa ya Ojwang' na Mama Kayai waachieni wazee wa barazani, mradi watoto wafundishwe majina ya kweli.

Kuna uongo mmoja tu nisioweza kuuachia: kwamba mtu aliyeonekana kwenye televisheni miaka yote ile lazima alikuwa tajiri. Huo una madhara. Benson Wanjau alipougua macho uzeeni, ilibidi wananchi wachange ndipo atibiwe. Anayesimulia utajiri wake anawapa nafasi waliofaidika na kazi yake wasiulizwe walimlipa nini. Huyo nitamsahihisha popote nitakapomkuta, hata akiwa ami yangu.