Kambare Anapopepea Mapezi: Maswali ya Wafugaji wa Samaki wa Tangini

SWALI: Kambare wangu dume wa jamii ya Ancistrus, yule mwenye ndevu za nyama puani, amejifungia pangoni tangu juzi. Chakula hagusi, na mapezi ya kifuani hayatulii. Anaumwa?

JIBU: Haumwi, yuko kazini. Mulika pango kwa tochi hafifu, tena kwa pembeni, maana mwanga mkali unaweza kumtimua. Chini ya tumbo lake huenda ukaona kishada cha mayai ya rangi ya chungwa, yamegandamana. Kwa jamii hii, jike akishataga huenda zake. Malezi yote ni ya baba.

Yai hupumua kupitia ganda lake. Maji yaliyolizunguka yakituama, oksijeni ya pale huisha, uchafu unatua juu yake na kuvu linapata pa kuotea. Ndiyo maana dume anasukuma maji mapya mfululizo. Mtazame kwa utulivu: anapepea kwa pezi la kulia, anahamia la kushoto, anachapa mkia mara mbili tatu, kisha anapitisha mdomo juu ya mayai na kuling'oa lile lililokufa na kuwa jeupe. Baada ya hapo anaanza upya, usiku na mchana.

Kwenye maji ya nyuzi joto 26 hivi, mayai huanguliwa baada ya siku 5 au zaidi kidogo. Vifaranga hutoka na mfuko wa kiini tumboni, na hubaki mle pangoni siku kadhaa huku baba akiendelea kuwapepea. Muda wote huo kula kwake ni kwa kubahatisha, usihangaike. Pango pia usilisogeze, hata kama linakuharibia mandhari.

SWALI: Wangu naye anapepea, lakini nimechungulia na pango ni tupu.

JIBU: Anaandaa nyumba. Dume hufagia mchanga na uchafu kwa mapezi kabla jike hajaingia, na wakati mwingine akishaingia humzibia mlango mpaka atage. Inawezekana pia mayai yalikuwepo na akayala, au yakasukumwa nje. Madume wanaolea kwa mara ya kwanza wana tabia hiyo. Ukikuta kishada nje, kitie kwenye kikapu cha wavu ndani ya tangi lilelile, karibu na mapovu ya pampu ya hewa, ila yasiyapige mayai moja kwa moja.

SWALI: Kambare wangu wadogo wa jamii ya Corydoras wamebandika mayai kwenye kioo na kuondoka. Nani atayapepea?

JIBU: Hakuna. Corydoras hawalei, na wakipata nafasi watayala wenyewe. Yabandue taratibu kwa kidole (si laini kama yanavyoonekana), uyahamishie kwenye chombo kidogo chenye maji ya tangi hilohilo na hewa ya kutosha.

SWALI: Tangini kwangu wote wanapepea kwa nguvu na kupanda juu kuvuta hewa. Wametaga?

JIBU: Hapana, na swali hili ndilo la kuharakishia. Samaki mmoja anayepepea mahali pamoja, matamvua yake yakienda kwa mwendo wa kawaida, huyo ana mayai au anayatarajia. Tangi zima likihema, kasoro iko kwenye maji.

Anza na joto. Maji baridi ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushuka hadi 7.5 hivi. Kisha pima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula. Amonia huunguza matamvua, na nitriti huinyima damu uwezo wa kubeba oksijeni, kwa hiyo samaki anaweza kukosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele. Badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile, ongeza mapovu, punguza chakula.

Dawa usizikimbilie. Kambare hawana magamba, na nyingi huwadhuru kwa kipimo ambacho samaki wengine wanakivumilia.

Corydoras kupanda juu mara mojamoja si tatizo: humeza hewa na kuipumulia kwenye utumbo. Kinachotisha ni wakipanda kila dakika.

SWALI: Nielekeze pampu pangoni nimpunguzie dume kazi?

JIBU: Usifanye hivyo. Mkondo mkali unaweza kung'oa kishada chote. Hakikisha maji ya tangi yanazunguka vizuri, mengine mwachie.

SWALI: Kambare wangu wa kioo, anayeonekana mpaka mifupa, anapunga pezi la chini kutwa nzima.

JIBU: Ndivyo anavyoogelea. Huyu ni Kryptopterus vitreolus, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 2013 tu. Pezi lake la chini ni refu karibu sawa na mwili, na mawimbi yake ndiyo yanayomwezesha kusimama hewani, yaani majini, bila kwenda mbele wala nyuma. Akiacha kulipunga na kulala chini, au mwili ukianza kuwa mweupe kama maziwa, pima maji siku hiyohiyo.